Mtoto Hajambo

Kwa saa tano nilibana mkojo. Ndege ilikuwa imeondoka Minneapolis jioni, ikapita juu ya Kanada, ikaingia baharini, na mimi bado nimekaa na mtoto wa miezi saba kifuani, nikiitazama taa ya choo ikigeuka nyekundu, kijani, kisha nyekundu tena. Kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya kiti nilikuwa nimepewa, lakini kila nilipomlaza alifumbua macho, na kila ndege ilipotikisika mhudumu alikuja kuniambia nimtoe. Nikiingia naye chooni nitamweka wapi? Nikimwacha, nitamwachia nani? Mkono wangu wa kushoto ilikuwa njia. Mkono wa kulia alikaa kijana mwenye kofia, ambaye tangu tupae hakuwa ametazama upande wetu hata mara moja.

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani wa taifa. Nepi nilizihesabu, moja kwa kila saa mbili na sita za akiba. Nguo za mtoto seti nne, blauzi yangu moja. Dawa ya homa, kipimajoto, maziwa niliyokamua. Barua ya mume wangu yenye mhuri, ikisema anakubali mtoto asafiri na mama yake peke yake. Mume wangu alikuwa na miezi miwili tu katika kazi mpya na likizo hakuwa nayo. Nauli ya mtoto anayepakatwa ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, lakini nauli ya mtu mzima wa pili hatukuwa nayo. Nikamwambia nitaweza. Nilisoma kwamba wakati wa kupaa na kutua mtoto anyonye, maana kumeza ndiko kunakofungua masikio yanapoziba. Nilisoma kila kitu. Kuhusu kwenda chooni sikusoma popote.

Saa ya sita nikamgusa kijana bega. Akavua vipokea sauti. Nikasema, "Samahani, naomba unishikie mtoto dakika mbili." Sijawahi kuona mtu akiogopa namna ile. Alimpokea kwa mikono miwili iliyonyooka, kama aliyepewa sufuria ya moto. Niliporudi walikuwa wanatazamana, wote wawili midomo wazi, na hakuna aliyekuwa analia. Kijana akaniambia ni mara yake ya kwanza kushika mtoto. Nikamwambia hata mimi ni mara yangu ya kwanza kumpa mgeni.

Tulikuwa tunakwenda Machame, kwa mama yangu, kumwonyesha mjukuu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu kazini. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nakwenda pia kuona kaburi.

Baba alifariki Novemba, nikiwa na mimba ya wiki 35. Mashirika mengi ya ndege hayampokei mjamzito akishafika wiki ya 36, na daktari wangu hakutaka hata kusikia habari ya safari ya siku nzima na zaidi. Mazishi niliyaona kwenye simu. Saa nane mchana ya Machame ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu, nje theluji, na mimi nimekaa sakafuni jikoni nikimtazama binamu yangu akihangaika kutafuta mtandao katikati ya migomba. Picha ilikwama jeneza likiwa limefika ukingoni. Ilipofunguka tena, watu walikuwa tayari wanaweka mashada.

Hilo la kutokuwepo ningeweza kulibeba. Lililonikaa kooni ni kwamba baba alikuwa mgonjwa tangu Agosti. Figo. Alikuwa anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wote walijua: kaka zangu, mama wadogo, hata majirani. Mimi nilipopiga simu ya video alikuwa amekalishwa sebuleni, amevalishwa koti, mwanga ukitoka nyuma yake. Siku moja niliuliza, "Mama, mbona baba amekonda?" Mama akacheka. "Simu yako hiyo ndiyo inamkondesha. Nunua nyingine."

Baada ya mazishi nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Ungefanya nini, mwanangu, uko huko na tumbo hilo? Ungekaa na wasiwasi bure." Sikumjibu. Kwa miezi minane tuliongea kila Jumapili, kuhusu mtoto, uzito wake, kinyesi chake, nywele zake. Hilo la baba hatukuligusa tena. Lilikaa kati yetu kama mgeni asiyesalimiwa.

Mtoto alizaliwa Desemba. Tukampa jina la baba. Kwa desturi yetu Wachaga, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, lakini wakwe zangu wenyewe walipiga simu wakasema safari hii zamu irukwe. Mama alipoambiwa alinyamaza, kisha akasema mtandao unakatika.

Amsterdam tulifika asubuhi. Nilikuwa nambadilisha mtoto nepi nilipohisi mgongo wake unachoma. Kipimajoto kikasema 38.3. Nikampa dawa ya homa kwa kipimo alichoniandikia daktari kabla ya safari, nikamvua soksi na sweta, nikakaa naye chini ya dirisha. Akatapika maziwa juu ya blauzi yangu ya akiba, maana ile ya kwanza ilishaharibika juu ya bahari. Nje ndege zilikuwa zinasukumwa taratibu kwenda na kurudi. Nikawaza: wakimwona hivi watatuzuia kupanda. Kisha nikawaza: na kama wanapaswa kutuzuia? Katika uwanja wote ule wenye maelfu ya watu hakukuwa na mmoja wa kumuuliza, "Wewe unaonaje?"

Simu ikalia. Mama.

"Mmefika?"

"Tumefika Amsterdam, mama. Bado ndege moja."

"Mtoto hajambo?"

Nilimtazama. Mashavu mekundu, macho yamelegea, kidole changu kimoja amekikamata ngumi nzima.

"Hajambo kabisa," nikasema. "Amelala."

"Haya. Mungu awalinde."

Nilikata simu, nikapima tena. 37.9. Alinyonya, na alipomaliza akamchekea mtu anayesukuma toroli la usafi. Nikaamua tupande.

Ndege ya kwenda KIA ilijaa watalii wenye viatu vya kupandia mlima, wengine wamevivaa miguuni kabisa kana kwamba mlima unaanzia mlangoni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kitenge, anatoka kumwona binti yake Ujerumani. Hakunisalimia mimi kwanza. Alinyoosha mikono.

"Lete huyo."

"Ana homa kidogo, mama, asije akakuambukiza."

"Nimelea sita. Homa inanijua. Lete."

Akamweka begani, akamgusa nyuma ya shingo, akamchungulia fizi, akaniambia nimwongeze maziwa na nisimfunike. Halafu akaniuliza natokea wapi. Nikasema Machame. Akacheka mpaka watalii wakageuka. Yeye alikuwa Mpare wa Same.

"Leo nimeona maajabu! Mchaga anamkabidhi Mpare mali yake bila risiti!"

Nilicheka. Nilianza kwa kucheka, kisha nikajikuta nalia, na yeye hakuniuliza neno. Alinisogezea leso, akaendelea kumpigapiga mtoto mgongoni. Nililala saa tatu mfululizo, usingizi wa kwanza tangu nyumbani. Nilipoamka tulikuwa juu ya jangwa, mtoto amelala kifuani kwake, jasho limemtoka na homa imeshuka. Yule mama alikuwa anakula kwa mkono mmoja bila kumwaga hata punje ya wali.

Tulitua usiku. Wanaokwenda Dar es Salaam walibaki vitini, sisi wa Kilimanjaro tukashuka kwa ngazi, tukavuka uwanja kwa miguu hadi ndani. Hewa ilikuwa ya baridi ya Julai, yenye harufu ya majani na moshi kwa mbali. Dirishani ofisa alifungua pasipoti mbili, yangu ya Tanzania na ya mtoto ya Marekani.

"Wewe umefika nyumbani," akaniambia. "Huyu ndiye mgeni wetu."

Visa ya Mmarekani ni dola 100. Nililipa dola 100 ili mtu mwenye jina la baba yangu aruhusiwe kuingia kwao.

Kaka yangu mkubwa alikuwa nje. Tulipita Bomang'ombe, tukakunja kushoto kuanza kupanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo migomba ilivyosogea karibu na vioo vya gari. Nyumbani taa zote zilikuwa zinawaka. Mama alikuwa amesimama barazani, amepungua, amejifunga khanga juu ya sweta ambalo nililijua. Lilikuwa la baba.

Alimpokea mtoto kabla ya kunikumbatia. Watu wakasubiri. Kwetu bibi akimpokea mjukuu wa kiume humtania kwamba ni mume wake, na huyu alikuja na jina kamili. Mama mdogo hakuweza kuvumilia. "Dada, si mumeo huyo, amerudi?" Mama hakutania. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akageuka, akaingia naye ndani.

Nilimkuta chumbani ameketi kitandani, kiganja chake kiko kwenye paji la uso wa mtoto.

"Huyu alikuwa na homa."

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Amsterdam."

"Nilipopiga simu?"

Nikanyamaza.

"Ukaniambia hajambo."

"Ungefanya nini, mama? Ungekaa na wasiwasi bure siku nzima."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Niliyasikia kama yaliyosemwa na mtu mwingine, nami nilijua ni nani. Mama naye aliyajua. Hakusema lolote. Alisogea kidogo kitandani ili nipate nafasi, nikakaa. Baadaye akaniletea bakuli la mtori, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na miezi saba.

Sisemi kwamba usiku ule nilisamehe. Bado ningependa kuambiwa. Ningempigia baba kila siku badala ya kila Jumapili, ningemuuliza mambo ambayo sasa hakuna wa kumuuliza. Lakini tangu Novemba nilikuwa nimemwona mama kama mtu aliyekaa kikao na wenzake wakaamua kunificha. Sikuwahi kumwazia amekaa peke yake, mgonjwa yuko mkono huu, simu iko mkono ule, na sauti yangu inauliza kama wote hawajambo.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Baba amelala kihambani, hatua chache nyuma ya jiko, kati ya kahawa na migomba aliyoipanda mwenyewe. Sementi bado ni mpya. Pembeni yake wamepanda masale, na tayari yameshika. Isale kwetu ni mmea wa mipaka na wa makaburi, na ndio mmea wa kuombea radhi: mtu uliyemkosea ukimpelekea isale, ni vigumu kwake kukataa. Nikavunja majani mawili. Moja nililiweka juu ya kaburi. Nilimwambia baba nimechelewa.

La pili nilibaki nalo mkononi. Mama alikuwa anashuka kutoka jikoni, mtoto amembeba mgongoni kwa khanga, kichwa kimechomoza pembeni. Nilikuwa nimepanga cha kusema. Hata hivyo alipofika alisimama kando yangu, tukatazama kaburi wote, na sikujua nianze vipi. Wala sikujua ni nani kati yetu anayepaswa kumpa mwenzake.

Mtoto ndiye aliyenyoosha mkono. Alilikwapua lile jani, akalipeleka moja kwa moja mdomoni.

Mama akageuza shingo. Akalichomoa taratibu kutoka katikati ya zile fizi, akalifuta kwenye khanga, akabaki amelishika.

"Hili haliliwi, mume wangu," akamwambia.