Krimu ya Erice

Mji wa Erice umekaa kileleni mwa mlima, yapata mita 750 juu ya bahari, katika pembe ya magharibi ya kisiwa cha Sisilia. Mgeni afikaye huko huletewa kitamu kiitwacho genovese: andazi la mviringo la unga, siagi na sukari, lililojazwa krimu, likaokwa kwa moto mkali na kunyunyiziwa sukari ya unga. Huliwa lingali moto. Likipoa, nusu ya raha imekwenda.

Krimu yenyewe haina maajabu: maziwa, viini vya mayai, sukari, wanga kidogo na ganda la limau. Kazi iko mkononi. Mwiko ukisita, huingia madonge. Moto ukizidi, viini huganda na sufuria nzima ikaharibika. Lakini nasaba yake yafika mbali. Waarabu, walioanza kuiteka Sisilia mwaka 827, ndio waliopeleka huko kilimo cha miwa; nayo zucchero ya Kiitaliano na sukari ya Kiswahili zimenyonya ziwa moja, sukkar ya Kiarabu.

Aghalabu sifa za vitamu vya Sisilia huishia hapo, kwenye ladha na nasaba. Mikono iliyovipika haitajwi.

Mapema katika miaka ya 1950, Maria Grammatico, mtoto wa miaka 11 aliyefiwa na baba, alipelekwa na mama yake kulelewa na watawa wa San Carlo, palepale Erice. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wengi. Hakuwa na la kuwalisha. Watawa waliishi kwa kuuza vitamu, na yatima ndio waliomenya lozi na kuzitwanga tangu alfajiri. Kufundishwa hakukuwamo. Vipimo vilikuwa siri ya watawa, na mtoto akawa hana shule ila macho yake: apite na kuni, aibe kipimo kimoja, apite na maji, aibe kingine.

Alitoka akiwa msichana wa miaka ishirini na ushei, mikono mitupu, mapishi kichwani. Akafungua duka lake mjini humo humo, na genovesi zake zikavuma. Mwaka 1994 alisimulia maisha yake katika kitabu alichokiandika pamoja na Mary Taylor Simeti, Bitter Almonds, yaani Lozi Chungu. Mapishi aliyoyaiba kwa macho yamo humo, kwa vipimo kamili, kwa yeyote ajuaye kusoma.