Simtanki au Kitanda?

Mume wangu aliponunua simtanki la lita 1,000 kwa fedha ya kitanda cha watoto, tulinuniana wiki nzima. Lakini hapa Dodoma maji tunanunua kwa dumu. Nani atamwagilia mchicha maji ya kununua?

Maji ya mvua ya kwanza tuliyaacha yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha njiwa juu ya bati. Mvua ya pili ilijaza simtanki usiku mmoja. Nilitoka na tochi kuhakikisha.

Mvua ilipokata Aprili, nilimwagilia ndoo mbili za lita 20 kila jioni. Siku ya 25 koki ikatoa matone tu. Mchicha nilikuwa nimeshavuna, majirani wakaumaliza.

Sasa baba watoto anataka simtanki la pili. Nimemwambia kitanda kwanza.