Usinunue Rangi, Nunua Injini

Siku moja tulinunua motokari kwa macho, tukailipa kwa machozi.

Tulikuwa ndugu wawili, tukikaa Uingereza kwa ajili ya kazi. Kwa miaka minne tuliweka feza kidogo kidogo, maana tulitamani motokari ya zamani ya mbio, ile isiyo na paa gumu. Tulipofika kwa mwenye kuuza, asubuhi ilikuwa ya baridi kali, lakini kifuniko cha injini kilikuwa na joto. Tulikigusa, hatukuuliza neno. Rangi nyekundu ilikuwa imetufunga akili. Wiki ya tatu, tulipokuwa tukipanda kilima, mvuke ulitoka. Tulipotazama mafuta, yalikuwa meupe kama chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia ndani yake.

Tufanye nini? Rafiki mmoja alisema: «Itupeni, wekeni injini nyingine.» Fundi mzee alisema: «Ngojeni. Ulizeni kwanza kilichoiua.» Akatupa mfano wa motokari nyingine, Triumph Stag.

Hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu 1970 hata 1977, karibu 26,000 tu. Injini yake ina silinda 8 na ujazo wa lita 3. Mwili wake ni chuma, vichwa vyake ni alumini. Pampu ya maji imewekwa juu sana: maji yakipungua kidogo, pampu huvuta hewa, na injini hupata moto kupita kiasi. Tena, usipotia dawa ya kuzuia kutu katika maji, uchafu huziba rejeta. Minyororo ya ndani nayo huchakaa. Ikiruka meno, pistoni hugonga valvu, na injini imekwisha.

Basi wenyeji wengi walichoka, wakaing'oa, wakatia injini ya Rover ya lita 3.5, yenye asili ya Buick ya Marekani, au ile ya Ford ya silinda 6. Nyingi zilitembea vizuri. Lakini kubadili injini si kubadili shati. Uzito si ule ule, giaboksi lazima ipatane nayo, na vyeti sharti viandikwe upya. Na leo wanunuzi wengi hupenda Stag yenye injini yake ya kwanza, maana mafundi wamekwisha jua dawa ya ugonjwa wake: rejeta safi, minyororo mipya kwa wakati, maji yasiyopungua.

Hapo tukafahamu. Injini nyingi za zamani hazifi kwa uzee; zinakufa kwa kuachwa bila kutunzwa. Na injini mpya katika mikono ile ile ya uvivu itakufa vile vile.

Yetu tuliitengeneza. Gharama ilikaribia bei ya kununua.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua, mwambie mwenye kuuza asiiwashe kabla hujafika. Isikilize ikiwa baridi. Tazama maji, tazama mafuta, omba makaratasi ya fundi. Na usitoe feza zako zote: bakiza za kutengeneza injini.

Baadaye tuliiuza. Mnunuzi alipofika, injini ilikuwa baridi kabisa. Tulimwonyesha kila karatasi, tukamweleza habari za kile kilima. Akapunguza bei kidogo. Tukakubali, tukalala usingizi mwema.