Kabla Uweke Simu Yako Permissive

Wasee wa kuruti simu wananiuliza swali moja kila wiki: "Mod imekataa kufanya kazi, niweke SELinux iwe permissive?" Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, juu video nyingi zinakuambia tu uandike setenforce 0 halafu zinaomba like.

Tuanze chini kabisa. Kwenye Linux, na Android ni Linux ndani, programu haitoki hewani. Prosesi moja inajigawa, halafu ile nakala inapakia programu mpya. Mtoto anarithi nguvu za mzazi. Mzazi akiwa root, mtoto naye ni root. Ukiianzisha wewe, inaweza kusoma karibu kila faili lako, hata kama kazi yake ni kucheza muziki tu.

Kuna wakati mtoto anahitaji nguvu kuliko wewe. Ukibadilisha paswadi, lazima kitu kiandike kwenye faili ambalo huruhusiwi kuligusa. Dennis Ritchie, mmoja wa waliounda Unix, alileta setuid: faili la programu linawekwa alama, na yeyote akiiendesha, inapata nguvu za mwenye faili. Patenti ilitoka 1979. Ni akili, lakini ni kama kumpa mtu funguo za ploti nzima ndio afungue geti tu. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kwamba pkexec, programu ya aina hiyo inayokuja na Linux nyingi kubwa, ilikuwa na shimo tangu 2009. Mtumiaji wa kawaida kwenye mashine angeweza kujifanya root. Miaka zaidi ya 12, manze.

SELinux, iliyoanzia NSA ya Marekani, haiishii kwa kuuliza wewe ni nani. Inauliza: hii programu kazi yake ni gani? Kila prosesi ina lebo, kila faili lina lebo, na programu ikianzishwa, sheria ndizo zinaamua itavaa lebo gani. Mzazi anaweza kuombea mtoto lebo fulani, ndio kazi ya setexeccon, lakini sheria zikikataa, mtoto haanzi. Hata mzazi akiwa root. Hapo ndipo SELinux ilininasa.

Kwa simu hii si nadharia. Mwaka 2015 mashimo ya Stagefright yalionyesha kwamba video mbaya iliyotumwa kwa MMS ingeweza kumpa mshambuliaji nafasi ndani ya mediaserver, prosesi moja iliyobeba sauti, kamera na kila kitu cha media. Android 7.0 ilipotoka 2016, kazi hiyo ilikuwa imegawanywa kwa prosesi kadhaa, kila moja na lebo yake. Inayofungua faili la video haina ruhusa ya kamera. Ya nini?

Sasa ukiweka permissive, sheria bado zipo, lakini zinaandika kosa kwenye logi halafu zinaliachilia lipite. Ni soja wa geti anayenakili namba ya gari la mwizi huku akimfungulia. Na kwa hiyo simu ndio kuna M-Pesa yako, Fuliza yako, na picha ya kitambulisho uliyotumia kuomba kazi.

Nakubali SELinux inachosha. Logi zake zinasomeka kama mtu amekalia kibodi, na kuandika sheria kunataka subira. Lakini mod ikihitaji ruhusa moja, si lazima ufungue nyumba yote. Kwa Magisk, moduli inaweza kuja na faili la sepolicy.rule lenye ruhusa zake pekee. Muulize aliyeitengeneza kwa nini hakuliweka. Akikujibu "weka tu permissive, iko sawa," mimi hiyo mod naifuta.

Ukitaka kujua yako iko aje, fungua adb shell, andika getenforce. Ikisema Enforcing, iache hivyo hivyo.