Uchovu wa Anayekesha

Taizong wa nasaba ya Tang, aliyetawala China kuanzia 626 hadi 649, inasimuliwa alifika mahali akashindwa kulala. Mizimu ilimpigia kelele usiku kucha na kurusha matofali nje ya chumba chake. Majemadari wake wawili, Qin Shubao na Yuchi Gong, wakavaa deraya na kusimama mlangoni na silaha zao mpaka kukapambazuka. Mfalme akapata usingizi. Wakakesha tena na tena, hadi mfalme mwenyewe akawaonea huruma. Akaita wachoraji wawachore majemadari hao, sura zao zikabandikwa mlangoni, nao wakaenda kulala. Mpaka leo Wachina wengi hubandika picha zao kila mwaka mpya, mmoja kila ubao wa mlango. Wamekuwa miungu wa mlango.

Mimi ni Mwislamu, na juu ya mlango wangu hapa Chechelesi, Isiolo, ipo Ayatul Kursi. Ninayemtegemea ni Mmoja. Hata hivyo simulizi hili limenikaa moyoni, kwa sababu ya ile huruma. Mfalme aliyelindwa aliamka, akatazama, akaona kwamba wanaomlinda wamechoka.

Tangu kampuni ya Wu Yi kutoka mkoa wa Fujian itujengee lami ya Isiolo hadi Merille, tumewazoea Wachina. Barabara yao tunaijua. Wanachokiogopa usiku hatujawahi kuwauliza. Huko huko Fujian, katika kisiwa cha Meizhou, ndiko anakotajwa Mazu, mlinzi wa mabaharia, binti wa ukoo wa Lin anayesemekana kuzaliwa 960. Wanasimulia kwamba mwili wake ulikuwa nyumbani umelala huku roho yake ikiwashika baba na kaka zake katika dhoruba. Mama akamwamsha kwa hofu, na mmoja wao akamponyoka. Hata aliyekuja kuabudiwa, wamekubali kusimulia kwamba alikatizwa na akapoteza mtu.

Nasi tuna anayetukeshea: safu yetu ya maduka inalindwa na mzee mmoja mwenye kabuti, tochi na rungu. Nikifungua duka asubuhi namkuta ameketi juu ya kreti ya soda, macho mekundu, vumbi limemjaa kwenye kope. Tunapita tukimuuliza, “Mzee, umeamkaje?” Naye hujibu, “Salama, mama,” ilhali hajalala. Wiki ikipita bila kufuli kuvunjwa, tunasifu mtaa kwamba umetulia. Mchango wa mshahara wake ndio tunaoukumbuka mwisho, baada ya kodi na stima.

Nimewaambia wenzangu wenye maduka tumpe usiku mmoja wa mapumziko kila wiki, na malipo yake yasikatwe. Wameuliza nani atalinda usiku huo. Kijana wa kushika zamu anapatikana, na ujira wake tukiugawanya hautamuumiza yeyote. Sehemu yangu nimeshaitenga.