Jirani Yetu Anakaa Bondeni



Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kumalizika Mei, na vuli hutujia kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo karibu nusu ya mwaka sisi wa Segerea tunaishi tukitazama mawingu. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi tunajua kitakachofuata: umeme umekatika, njia za mtaani zimegeuka tope, bodaboda wamepandisha nauli au hawaonekani kabisa, na daladala za mjini zimekwama kwenye foleni. Hayo tumeyazoea. Leo tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo huenda tumelizoea kupita kiasi: maji yakishapita kwetu, yanakwenda kwa nani?

Tuanze na giza. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Tarehe 25 mwezi huohuo wa Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuwaathiri wengine zaidi ya 200,000 nchini. Kabla hatujapumua, tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, upande wa Mafia. Ilikuwa Pasaka ya mawingu kweli kweli.

Nyakati kama hizo zimetufundisha mambo madogo yenye faida kubwa. Wingu likitanda tunachaji simu na taa mapema. Tunajaza ndoo kabla pampu haijasimama. Umeme ukikatika tunachomoa friji na televisheni, maana mara nyingi huwa unarudi kwa nguvu na kuunguza vyombo. Jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu hewa yake huua watu usingizini bila harufu wala kelele. Waya uliodondoka hatuugusi, na maji yaliyouzunguka hatuyakanyagi. Barabara ikifunikwa na maji hatujaribu kuivuka kwa kukisia; chini yake panaweza kuwa na mtaro usio na mfuniko. Na masifu ya jioni? Tunayasali kwa tochi za simu, na zile zaburi tunazozijua kwa moyo hazihitaji taa.

Lakini funzo kubwa zaidi tumelipata kwenye jumuiya. Maaskofu wa AMECEA walipoamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Maana ya uamuzi huo huonekana vizuri asubuhi baada ya mvua kubwa. Jumamosi moja tulifika kusali na jumuiya mojawapo huku viatu vikiwa mikononi. Kabla ya wimbo wa mwanzo mama mwenyekiti aliuliza swali moja: "Nani hajaonekana tangu jana?" Zikatajwa nyumba tatu. Moja ilikuwa ya bibi anayeishi na mjukuu karibu na korongo. Vijana walitumwa. Walimkuta amekaa kitandani na maji yamefika kwenye kizingiti. Akabebwa mgongoni hadi kwa jirani, akapewa chai. Ndipo tukasali. Hakuna king'ora kilicholia wala simu iliyopigwa mahali popote. Ilitosha kwamba kuna mtu aliyejua idadi ya watu wake.

Sasa tuutazame mto. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita huku kwetu, unaelekea Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Wenye nyumba kwenye kingo zake huku juu wanaujua kwa namna unavyomega ardhi kila masika. Wa Jangwani wanaujua kwa namna nyingine: unawajia na vyote ulivyobeba njiani. Barabara ya Morogoro hufungwa pale, mabasi ya mwendokasi husimama, na familia hupanda juu ya paa.

Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu takribani 40 jijini. Waathirika wengi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, Kinondoni. Baadhi yao walirudi mabondeni baadaye. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Lakini anayebeba mizigo Kariakoo anahitaji kulala mahali anapoweza kufika kazini kwa miguu, na chumba cha bei anayoiweza mara nyingi kiko pale maji yanapopita. Hakuchagua mafuriko, alichagua chakula cha watoto.

Huku juu kuna neno linalosikika sana mvua inapoanza: "Maji yatachukua." Mifuko ya taka hurushwa mferejini, maji yatachukua. Vyoo hutapishwa usiku wakati wa mvua, maji yatachukua. Tuseme kwa haki kwamba sababu zipo: gari la taka linaweza kukawia wiki mbili, na kumwita mnyonyaji wa choo ni gharama ambayo mpangaji hana. Hata hivyo maji hayapotezi kitu. Yanachukua kutoka kwetu na kukabidhi kwa mwingine. Chupa iliyotupwa Segerea inaziba kalvati mbele ya safari, na kinyesi kilichofunguliwa usiku kinaingia kwenye chumba cha mtoto wa Kigogo, halafu tunashangaa kusikia kipindupindu.

Katika mfano wa Msamaria mwema, swali lilikuwa jirani ni nani. Sisi wa Segerea tumepewa mto utujibu. Jirani yetu ni yule anayepokea maji yetu, ingawa hatumjui jina wala hatutakutana naye kwenye jumuiya. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Msimbazi unatuonesha hivyo bila kufungua kitabu.

Kila mafuriko yakitokea, parokia zetu hukusanya nguo, unga na maharage, nasi tunabeba magunia kwa moyo. Ni jambo jema, na liendelee. Ila huruma inayongoja mtu aingie majini kwanza imechelewa nusu ya njia. Huruma ya kiangazi haina picha wala makofi: kuzibua mtaro jua likiwaka, kuchangishana kwa ajili ya choo cha jirani asiye na uwezo, kutoa taarifa TANESCO mapema tawi linapoegemea nyaya, kuandika orodha ya wazee, wagonjwa na walemavu wa jumuiya na kupanga nani atamfuata nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine ukuta wenyewe hujengwa kwa machozi ya mtu mwingine.

Tunapendekeza basi jambo moja. Mwezi Februari, kabla ya masika, kila jumuiya itenge Jumamosi moja. Sala iwe fupi, saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Kisha majembe, reki na viroba, kuanzia mlango wa nyumba tuliyosalia hadi mtaro unapokutana na korongo. Waseminari tutakuja na majembe yetu.