Sketi ya Dada, Krismasi ya 1968

Dada alikuja nyumbani kwetu Berega kwa Krismasi ya 1968, akiwa karani wa kupiga chapa Dar es Salaam. Sketi yake iliishia juu ya magoti. Mdogo wetu wa kiume, kijana wa miaka 15, alimpokea mzigo bila hata shikamoo.

Miezi michache nyuma Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, mini, mawigi na suruali za kubana vingekuwa marufuku jijini. Tarehe haijafika, makundi ya vijana yalishawavamia wasichana Kariakoo. Mdogo wetu alifuatilia yote redioni, akaona utamaduni wa taifa umekabidhiwa mikononi mwake. Usiku wa pili akaificha sketi ndani ya kihenge cha mahindi.

Alipogundulika, Bibi alimhoji kwanza. "Mjukuu wangu, mila hiyo ya nani? Mimi nikiwa mwali nilijifunga kaniki, mabega wazi. Magauni haya tuliyajulia misheni."

Akajibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya kabla ya maendeleo. Kisha akanyamaza, na nadhani alijisikia mwenyewe. Nyakati hizohizo serikali ilikuwa inawashurutisha Wamasai waache lubega wavae suruali, naye aliishangilia. Kwa Mmasai aibu ilikuwa vazi la asili. Kwa dada, aibu ikawa vazi la kigeni.

Mama akamwita mjomba. Kwetu Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo shauri la watoto wa dada yake lilikuwa lake. Hakumcheka kijana wala hakumchapa. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akasema: "Usilolipenda mwambie dada yako, akiwa amekutazama. Ila nguo hiyo hukuinunua wewe. Itoe, uifue, uipige pasi."

Nimelea vijana wangu tangu hapo, na sijaona njia iliyo bora kuliko ile. Mjomba hakupoteza neno kumbadilisha mawazo. Alimzuia mkono tu.

Pasi ya mkaa ilimsumbua, lakini mikunjo aliinyoosha yote. Akamkabidhi dada sketi kwa mikono miwili: "Shikamoo dada. Mimi siipendi."

"Marahaba. Nimekusikia."

Siku ya Krismasi dada aliivaa, kanisani akajifunga kitenge juu yake. Mdogo wetu alinuna ibada nzima. Wali ulipopakuliwa, walikula sinia moja.